Kwa meli hadi Bukoba, bila haraka

Mtajie mtu wa Bungoma habari ya kwenda kustarehe melini, uone kama hataangua kicheko. Sisi wakazi wa Bungoma, pamoja na jirani zetu wa Kitale, ni watu wa nchi kavu. Tunayoyajua ni mahindi, miwa, ng'ombe wa maziwa na foleni ya malori yanayoelekea Malaba. Maji tuliyoyazoea ni ya mto Nzoia, na hata hayo tunayaheshimu tukiwa ukingoni, hasa mvua za masika zinapoyageuza rangi ya chai ya maziwa.

Lakini habari za meli za anasa zimetufikia. Vijana wanazitazama kwenye simu zao na kuzisimulia sokoni kana kwamba wamezipanda. Iko moja iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024. Urefu wake ni mita 365, na inaweza kuchukua wageni wapatao 7,600, mbali na mabaharia, wapishi na wahudumu. Huo si mji mdogo. Katika safari za meli kama hiyo, huwapo siku ambayo haigusi bandari yoyote. Abiria hana pa kushuka wala pa kukimbilia. Kazi yake siku hiyo ni kula, kulala na kutazama maji. Watu wa nchi tajiri huweka akiba miezi kadhaa kwa ajili ya siku ya kutofanya kitu.

Msomaji mpenzi, siku ya namna hiyo inapatikana hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa nauli ambayo mkulima wa mahindi anaweza kuimudu akishauza magunia yake mawili matatu. Tena meli yenyewe iliunganishwa Kisumu, mwendo wa saa chache tu kutoka Bungoma.

Nazungumzia meli ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Victoria. Iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, Uingereza, kisha ikafunguliwa vipande vipande. Vipande hivyo vilisafirishwa kwa bahari hadi Mombasa, vikapandishwa kwa reli hadi Kisumu, na huko vikaunganishwa upya. Ilishushwa ziwani mwaka 1961. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliitumia kuzunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Ilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na ndani yake Mkenya, Mtanganyika na Mganda walikula meza moja kabla hawajafundishwa kuulizana pasipoti.

Na asiseme mtu wa Kitale kwamba ziwa halimhusu. Maji ya Nzoia hutoka Cherangani na Mlima Elgon, yakapita Webuye na Mumias, yakaingia ziwani huko Budalang'i. Udongo wa shamba lake umekwisha kumtangulia.

NDUGU WAWILI

Aliyenitia katika safari hii ni mjomba wangu, mzee wa karibu miaka 80, ambaye alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya reli ya Bungoma kuanzia mwaka 1966. Kwa miaka mingi aliandika kwenye vifurushi majina ya miji ambayo hakuwahi kuiona: Mwanza, Bukoba, Port Bell. Nduguye mdogo aliajiriwa na shirika lilo hilo, na mwaka 1973 akahamishiwa bandari ya Bukoba. Siku hizo uhamisho wa aina hiyo haukuwa jambo la kushangaza. Mjomba na mama yao walimsindikiza hadi gati la Kisumu, wakamwona akipanda Victoria na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba. Mama aliambiwa kwamba mtoto atakuwa akirudi kila likizo, kwani meli ni ya kwao wote.

Akarudi likizo tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mali ikagawanywa, Victoria ikabaki Tanzania, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Mtu wa Bukoba angeweza kujaribu kuzunguka kupitia Uganda, lakini Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na huko nako kukawa vita. Mama yao alifariki mapema mwaka 1979. Barua ya msiba ilifika Bukoba wakati watu walikuwa wamekwisha kulima juu ya mahali palipokuwa pamechomwa moto wa matanga. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, naye mdogo mtu alikuja mwaka uliofuata, akaonyeshwa kaburi lililomea nyasi.

Tangu hapo walionana mara chache, kwenye mazishi tu. Mdogo alikuwa ameoa Mhaya, amejenga, ana migomba yake na wajukuu wake. Miaka ya karibuni miguu ikamkataa. Basi Agosti 2024 mjomba akasema kwamba sasa ni zamu yake kwenda, na kwamba ataingia Bukoba kwa njia aliyoingilia nduguye.

Nyumbani kulizuka upinzani. Mke wa mjomba alikuwa hajasahau redio ya Mei 1996. "Mnataka kwenda kufia maji ya watu?" aliuliza. Binti yake alieleza kwamba basi kutoka Mwanza lingewafikisha mchana huo huo. Mjomba alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ukishuka kwenye basi unafika umechoka, na mtu aliyechoka hana maneno. Mimi nakwenda na maneno ya miaka hamsini."

Wakati ule basi la Bukoba lilikuwa bado likivushwa kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Daraja la hapo, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na mwenye haraka sasa hana sababu ya kugusa maji. Si mara ya kwanza kwa meli za ziwa hili kupokonywa abiria. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, msafiri wa Uganda alishuka pale akapanda meli. Ndipo ikajengwa reli nyingine kupitia Eldoret na Bungoma, ikafika Kampala mwaka 1931, na abiria wa Uganda akaacha kuiona Kisumu. Kwa maneno mengine, stesheni iliyompa mjomba wangu mshahara ilikuwa imechangia kuwanyima mabaharia wateja. Nilimwambia hivyo njiani, akacheka hadi kofia ikamwanguka.

HAPA KAZI TU

Safari ya nchi kavu sitaisimulia kwa kirefu. Tulilala Kisumu, tukapita Kisii na Migori, tukagonga mihuri mpakani Isebania, tukaingia Sirari. Baada ya Bunda barabara hupita kando ya Serengeti, na mjomba aliwaona pundamilia kwa mara ya kwanza maishani mwake, tena bila kiingilio. Mwanza tulikuta miamba iliyopangana ndani ya maji kana kwamba kuna jitu lililokuwa likijenga likaitwa chakula cha mchana.

Pale bandarini palisimama Victoria, nyeupe, imepakwa rangi. Meli hii ilikuwa imesimama kwa miaka kadhaa kwa ubovu, ikafanyiwa matengenezo makubwa na kurejea kazini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ilipewa pia jina jipya, MV New Victoria Hapa Kazi Tu, kutokana na kaulimbiu ya Rais John Magufuli. Sijapata kuona jina linalopingana na mahali pake kiasi hicho. Katika Afrika Mashariki nzima, hapo ndipo mahali pekee nilipokaa saa nyingi bila kuwa na kazi hata ya kufunga mlango.

Karani aliandika majina yetu kutoka kwenye vitambulisho. Nilikata tikiti za daraja la pili, kabini yenye vitanda vya kupandana, kwa kumhurumia mzee. Tulipanda mapema, jua lingali juu, na hapo ndipo starehe ilipoanza, maana mtu aliyekwisha panda meli hana la kufanya ila kutazama wengine wakipanda. Tukasimama ukingoni mwa sitaha. Chini yetu wachukuzi walipita na magodoro, mabati, katoni za sabuni, viti vya plastiki na jogoo mmoja aliyekataa safari kwa sauti. Mjomba alitazama kwa jicho la mtaalamu. Kila mzigo ulioingia aliukadiria uzani, na mara mbili alinung'unika kwamba lebo imebandikwa upande usiofaa.

Kijana mmoja wa meli alipita, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee." Mjomba akaitikia "Marahaba" kwa sauti iliyosikika hadi gatini. Kwetu Bungoma salamu hiyo iko vitabuni tu. Mtoto hukupa mkono akakuuliza habari. Kuanzia hapo mjomba akawa anatafuta sababu za kupita mbele ya vijana.

Mahesabu ya Kiswahili huianza siku magharibi, jua linapotua, na kwa safari ya Bukoba hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Meli huondoka Mwanza usiku na kufika alfajiri. Honi ililia, kamba zikafunguliwa, na mji ukaanza kurudi nyuma polepole mno hata usijue ni wakati gani uliondoka. Taa za vilimani zilikuwa nyingi, kisha zikawa chache, kisha zikawa mstari. Nilitazama saa, halafu nikaona haya, nikaivua na kuitia mfukoni.

Kwenye chumba cha kulia tulipewa wali na samaki. Hapo palizuka mjadala wa majina. Mhudumu alisema ni sangara. Mjomba akashikilia ni mbuta. Mfanyabiashara wa Kemondo aliyekaa nasi akaamua kwamba ni mgeni tu, kwa kuwa aliletwa ziwani na Wazungu, na mgeni huitwa jina lolote. Sato kwetu ni ngege, dagaa wao ni omena wetu. Ziwa ni moja, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, ambalo sehemu ya Kenya ni asilimia sita tu, lakini kila ukingo umewabatiza samaki upya.

Mama mmoja mwenye biashara ya ndizi, aliyekuwa amezipeleka Mwanza na sasa anarudi na magodoro, aliuliza tunakwenda kwa nani. Mjomba akamweleza. Mama akatikisa kichwa, kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye alipoteza dada yake kwenye Bukoba. Hakuwa na maana ya mji.

MAJI YA MEI 1996

Ni vigumu kusafiri juu ya maji haya pasipo kufika hapo. MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapita Kemondo kuchukua abiria na mizigo zaidi, na asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, ikapinduka wakati Mwanza ilikuwa karibu. Iliruhusiwa kubeba watu 430. Waliokufa walizidi 800, na idadi yao kamili haikujulikana kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa majina. Kwa muda ilielea tumbo likiwa juu, na watu walio hai walisikika wakigonga kutoka ndani. Waokoaji wakaitoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, nayo ikazama nao. Wengi walizikwa Igoma, nje ya Mwanza, na kumbukumbu yao iko pale.

Na isidhaniwe kwamba somo lilieleweka mara moja. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere, kilichotakiwa kubeba watu 101, kilipinduka mita chache kutoka Ukara, na watu 228 wakafa.

Mama wa ndizi alisema kwamba kwa miaka saba baada ya msiba alisafiri kwa basi tu, ijapokuwa barabara ilikuwa mbaya na ndizi zilifika zimepondeka. Alirudi melini kwa sababu ya ndizi. "Sasa nikipanda, kitu cha kwanza namwangalia karani. Akiandika jina langu, nakaa. Asipoandika, nashuka." Ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna abiria aliyelalamika kuhusu ule msururu wa vitambulisho bandarini. Mjomba aliondoka mezani, akarudi baada ya muda, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameyaona majaketi ya kujiokolea yalipo, na kwamba ameyahesabu ya upande wetu.

Mimi nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya meli ya watalii na hii yetu. Kule starehe imelipiwa kabla, na hofu hufichwa chini ya zulia. Huku abiria huketi kustarehe akiwa amekwisha kufanya hesabu yake, na starehe hiyo huwa tamu kwa namna nyingine.

Karibu saa sita za usiku nilimkuta mzee sitahani, amejifunika koti na blanketi ya kabini, akiwa katikati ya watu wa daraja la tatu. Mwezi haukuwapo. Mbele yetu, penye giza tupu, palikuwa na mji: taa mamia, zimetapakaa juu ya maji hadi upeo wa macho. Nilidhani tumefika. Wenzetu wakacheka. Walikuwa wavuvi wa dagaa, ambao hufanya kazi usiku wa giza, kila mtumbwi na taa zake za kuwavuta samaki juu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi aghalabu ni taa za betri. Meli ilipita kando yao, na tukaona kwa dakika moja mtu akivuta wavu, mwenzake akimwaga maji kwa kopo, halafu giza likawameza.

Mjomba alitoa kwenye mfuko wake kopo la kumbikumbi waliokaangwa, zawadi ya nduguye, akalifungua. Kijana wa Kihaya aliyekuwa kando akaonja, akasema si vibaya, lakini senene ni bora. Mjomba akasema hajapata kuona senene aliyemzidi kumbikumbi wa Bukusu. Ubishi huo uliwakusanya watu kumi na wawili na kuchukua saa nzima. Nilipoamka alfajiri kitanda cha chini kilikuwa bado kimetandikwa.

Kulipopambazuka maji yalikuwa ya rangi ya risasi, kisha ya shaba, kisha kisiwa cha Musira kikatokea, na nyuma yake milima ya kijani na mji wa Bukoba ukingoni. Hakuna aliyesukumana. Hata wenye biashara waliegemea vyuma wakatazama, kana kwamba kila mmoja alitaka dakika tano zaidi.

Nduguye mjomba alikuwa ameletwa gatini kwa bajaji, akaketi humo humo na mkongojo wake. Nilitarajia machozi. Badala yake walishikana mikono muda mrefu, kisha mdogo akauliza kwa Kibukusu kama mahindi yamekomaa, na mkubwa akajibu kwamba bado, mvua zilichelewa. Halafu akaomba radhi kwamba kopo la kumbikumbi limefika nusu. Walizungumza siku tano mfululizo chini ya migomba. Juu ya mama yao walizungumza usiku mmoja, milango ikiwa imefungwa, na mimi sikuwemo.

Siku ya kurudi nilikwenda na mjomba ofisi ya tikiti. Nilipotaja daraja la pili alinishika mkono, akamwambia karani aandike daraja la tatu, zote mbili, na aandike majina vizuri. Kule kwenye kabini, alisema, watu wanalala.